Dadu, Tepu na Saa: Maswali Yenu Kuhusu Mashindano ya Mwisho wa Juma

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wapenzi wa michezo ya vita ya mezani, ile ambayo wachezaji wawili hupanga majeshi ya visanamu walivyovipaka rangi kwa mikono yao, wakavisogeza kwa vipimo vya tepu na kuamua matokeo ya mapigano kwa kurusha dadu. Karibu zote zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: mtu aliyezoea kucheza na rafiki zake bila haraka ajiandae vipi kwa mashindano ya siku mbili, mbele ya watu asiowajua? Nimechagua barua zinazogusa wengi na kuzifupisha bila kubadili kiini chake. Ninapohitaji mfano wa kanuni mahususi nitautoa kwenye Warhammer 40,000, mchezo ulioanza kutolewa na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza mwaka 1987, kwa kuwa ndio uliotajwa na wengi wa walioandika. Hata hivyo mengi ninayoyasema yanamfaa pia anayecheza Bolt Action, Flames of War au michezo ya majeshi ya kale.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimejiandikisha kwa mara ya kwanza katika mashindano ya raundi tano, tatu Jumamosi na mbili Jumapili. Mimi na wenzangu mechi moja hutuchukua saa tano au zaidi, lakini waandaaji wanatoa saa tatu tu kwa kila raundi. Nifanye nini ili nisiachwe na muda?
Mgeni wa mashindano

JIBU: Ndugu yangu, umeanza mahali panapostahili, kwa sababu katika mashindano wachezaji wengi wapya hushindwa na saa kabla ya kushindwa na mpinzani. Hebu tufanye hesabu. Saa tatu ni dakika 180. Ukiondoa dakika 20 za kusalimiana, kubadilishana orodha za majeshi, kukubaliana juu ya maghofu na vizuizi vilivyo mezani na kupanga visanamu, zinabaki dakika 160. Mechi ina zamu tano kwa kila upande, yaani zamu kumi kwa jumla, kwa hiyo kila zamu ina wastani wa dakika 16. Wastani huo usikudanganye ukadhani zamu zote zinalingana: zamu ya pili na ya tatu ndizo zenye mapigano mazito na zinaweza kula dakika 25 kila moja, ilhali ya mwisho, visanamu vikiwa vimebaki vichache, huisha kwa dakika saba au nane. Anayetumia dakika 40 katika zamu ya kwanza, wakati majeshi hayajagusana hata kidogo, ameshakopa muda ambao hataweza kuulipa.

Ukichunguza mechi zenu za saa tano utaona kwamba muda haupotei katika kufikiri. Unapotea katika kutafuta: kutafuta kanuni kitabuni, kutafuta dadu zilizoanguka chini ya meza, kutafuta kisanamu chenye silaha fulani katikati ya wenzake kumi wanaofanana. Dawa yake ni maandalizi. Andika kwenye karatasi moja namba zote unazozihitaji kwa kila kikosi, mwendo wake, uimara wake na silaha zake, ili usifungue kitabu isipokuwa kuna ubishi wa kweli. Panga dadu zako kwa mafungu ya tano tano ili kuhesabu dadu 20 kusikuchukue zaidi ya kutupa macho. Ukirusha, ondoa mezani zilizoshindwa na uache zilizofaulu mahali zilipo. Mpinzani wako ataona kwa macho yake ulichopata, na hatakuwa na sababu ya kukuomba uhesabu upya. Na la muhimu kuliko yote, fikiria zamu yako wakati mwenzako anacheza ya kwake, ili ikifika kwako uwe umeshaamua mambo makubwa na umebakiza marekebisho tu.

Aina ya jeshi nayo ina uzito. Mashindano mengi ya Warhammer 40,000 huchezwa kwa majeshi ya pointi 2000, yaani jumla ya bei ambazo kanuni humpa kila kisanamu kulingana na nguvu zake, lakini pointi hizo zinaweza kununua visanamu 30 vya gharama kubwa au visanamu 150 vya bei ya chini, na kuna tofauti kubwa sana kati ya kusogeza 30 na kusogeza 150 katika kila zamu kwa raundi tano. Ningekushauri kwa dhati upeleke jeshi dogo unalolifahamu vizuri, hata kama umesikia kwamba jeshi jingine ndilo linaloshinda siku hizi. Jeshi lililoazimwa wiki moja kabla ya mashindano humla mwenyewe dakika zake.

Mwisho, zoea saa ya sataranji, ile yenye nyuso mbili ambayo ukiibonyeza upande wako unasimama na wa mwenzako unaanza kwenda. Kila mchezaji hupewa nusu ya muda wa mechi, na katika mashindano mengi anayemaliza muda wake haruhusiwi tena kusogeza wala kushambulia. Hubaki kurusha dadu za kujikinga na kuhesabu alama za vituo anavyovishikilia, yaani sehemu za meza zinazompa alama anayezikalia. Humkosei mtu kwa kuomba saa hiyo mwanzoni mwa mechi, na wachezaji wazoefu huiomba kwa tabasamu. Wewe na wenzako fanyeni mazoezi ya zamu mbili za kwanza tu, saa ikiwa mezani, kisha mzirudie. Zamu hizo mbili zikienda kwa muda wake, zilizobaki zitafuata.

SWALI: Ndugu Mshauri, visanamu vyangu huvunjika njiani kila nikisafiri. Kuna njia nzuri ya kuvibeba?
Mwenye mikuki iliyopinda

JIBU: Ipo, na ni rahisi. Gundisha sumaku ndogo chini ya kitako cha kila kisanamu, yaani kile kisahani kinachokisimamisha, kisha visimamishe kwenye trei ya bati ndani ya sanduku la plastiki lenye kimo cha kutosha. Visanamu vya plastiki ni vyepesi na sumaku moja hutosha. Vya metali huhitaji mbili au tatu, na vikiwa na mabawa makubwa afadhali viwekwe kwenye sponji iliyokatwa kwa umbo lao. Trei hiyo itakusaidia pia ukumbini, kwa maana kati ya raundi moja na nyingine utahamisha jeshi zima kwenda meza nyingine, na anayebeba kisanamu kimoja kimoja huchelewa kuanza. Beba na gundi ya haraka, kwa kuwa hata jeshi lililofungwa vizuri linaweza kupoteza mkono mmoja.

SWALI: Ndugu Mshauri, katika michezo mingine ukishindwa umetolewa. Hapa nimeambiwa nitacheza raundi zote tano hata nikishindwa ya kwanza. Wapinzani wanapangwaje, na mshindi anapatikanaje bila fainali?
Mpenda hesabu

JIBU: Mfumo unaotumika unaitwa mfumo wa Uswisi, na ulitumika katika mashindano ya sataranji huko Zurich mwaka 1895. Raundi ya kwanza wapinzani hupangwa kwa kura. Kuanzia ya pili, waliokwisha kushinda hukutanishwa na walioshinda, na walioshindwa na walioshindwa, kwa sharti kwamba wawili waliokwisha kukutana wasikutanishwe tena. Kila raundi hupunguza kundi la wasioshindwa kwa nusu. Wakianza wachezaji 32, baada ya raundi moja wanabaki 16 wasioshindwa, kisha 8, kisha 4, kisha 2, na baada ya raundi ya tano anabaki mmoja, ikiwa hakuna sare. Ndiyo sababu raundi tano na wachezaji 32 ni jozi inayopendwa na waandaaji. Wakiwa 64, raundi tano zitaacha wawili wasioshindwa, na hapo lazima kuwe na kigezo cha kuwatenganisha.

Vigezo hivyo hutofautiana, kwa hiyo visome kabla ya siku yenyewe. Baadhi ya mashindano hujumlisha alama ulizozipata katika mechi zote. Mengine huangalia wapinzani wako walifanya vizuri kiasi gani, kwa hoja kwamba kuwashinda wanaoshinda wengine ni kazi ngumu zaidi. Mimi nakiona kigezo hiki cha pili kuwa cha haki zaidi. Kigezo cha jumla ya alama humshawishi mchezaji aendelee kumkamua mpinzani ambaye mechi imeshamwishia, na tabia hiyo huwaumiza wageni kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuna wanaojaribu ujanja wa kupata matokeo hafifu kwa makusudi mapema ili wapangiwe wapinzani dhaifu, kisha wapande ghafla mwishoni. Mfumo wenyewe unawabana kwa kiasi, kwa sababu aliyepoteza mechi moja hawezi kumpita asiyepoteza. Lakini hata pale ujanja huo unapolipa, aliyeutumia amempora mgeni fulani mechi ya haki, na waandaaji wakiona dalili zake wana wajibu wa kumwita na kumwonya.

SWALI: Ndugu Mshauri, niliweka kikosi changu nyuma ya ukuta wa ghofu nikiamini kabisa kwamba hakionekani. Zamu ya mpinzani ilipofika aliinama usawa wa meza, akaona ncha ya bendera ya askari mmoja kwenye dirisha, akakishambulia kikosi. Mwamuzi alimpa haki yeye. Je, huo ni uungwana?
Aliyeumia

JIBU: Pole sana. Mwamuzi aliamua kwa mujibu wa kanuni, kwa maana katika Warhammer 40,000 sehemu yoyote ya kisanamu inayoonekana inatosha kukifanya kiwe shabaha, na bendera haijaachwa nje. Ulichokikosa ni mazungumzo ya sekunde kumi ambayo yangefanyika wakati unakiweka kikosi hicho, na hapa naomba wasomaji wote mnivumilie niseme kwa kirefu, kwa kuwa naamini hili ndilo linalotofautisha mashindano yenye heshima na yale yanayoishia kwenye kelele.

Sema unachokusudia kabla ya kuondoa mkono kwenye kisanamu. Unapokiweka kikosi nyuma ya ukuta, mwambie mwenzako hivi: "Nakiweka hapa kwa nia kwamba kisionekane na kifaru chako kilichopo pale kona. Unakubali kwamba hakionekani?" Yeye atainama, ataangalia, na atajibu moja kati ya mambo mawili. Akisema ndiyo, mmekubaliana, na zamu yake ikifika hawezi kuligeuza neno hata kama mguu wa mtu ulikisukuma kisanamu kidogo. Akisema hapana, kwamba anaiona bendera, utakisogeza nusu inchi wakati bado ni zamu yako na hakuna aliyepoteza kitu. Vivyo hivyo kwa umbali: "Nasimama zaidi ya inchi 12 kutoka mahali pa karibu zaidi wanapoweza kufika wapanda farasi wako kwa mwendo wao, ili wasiweze kunishambulia hata dadu zikitoa sita na sita." Pimeni pamoja, mkubaliane, muendelee.

Wako wanaoamini kwamba kumwonyesha mpinzani kosa lake ni kumsaidia ashinde. Siwaungi mkono. Visanamu ni vitu vya plastiki juu ya meza inayotikisika. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kukisimamisha kisanamu mahali pasipo shaka hata ya milimita moja. Kanuni zinahesabu kwa inchi, mikono yetu hufanya kazi kwa makadirio, na pengo lililopo kati ya hivyo viwili linazibwa na neno la wachezaji wawili tu. Mchezaji anayengoja pengo hilo ili achukue kikosi kizima kwa sababu ya ncha ya bendera anaweza kuwa na kanuni upande wake, lakini ushindi wake hautokani na mpango wala hesabu. Wachezaji bora niliowaona huuliza wao wenyewe: "Kikosi hiki ulitaka kiwe kimejificha? Basi kirudishe kidogo, naona bendera." Kisha huwashinda wapinzani wao kwa mbinu safi.

Fanya hivyohivyo kwa dadu. Kubalianeni mwanzoni kwamba dadu iliyoegemea kizuizi au iliyoanguka sakafuni itarushwa upya, iwe imetoa namba nzuri au mbaya. Taja unachorusha kabla ya kurusha, mathalani "risasi kumi za bunduki hizi kwa kikosi kile, tatu na kuendelea zinapiga." Ubishi ukitokea, mwite mwamuzi kabla ya dadu kuondoka mkononi, maana baada ya matokeo kujulikana kila upande tayari una cha kupoteza na hoja huwa kali kuliko inavyostahili. Msimamishe saa mnapomngoja.

SWALI: Ndugu Mshauri, nilipanga mpango mzuri, nikafyatua risasi 20 kwa askari wa adui na hakufa hata mmoja. Mechi ikaishia hapo. Kama bahati ndiyo inayoamua, kuna maana gani ya kujifunza mbinu?
Niliyesalitiwa na dadu

JIBU: Tuzihesabu risasi zako. Tuseme kila moja hupiga kwa tatu na kuendelea, yaani nafasi mbili kati ya tatu. Hujeruhi kwa nne na kuendelea, nafasi moja kati ya mbili. Na adui hujikinga kwa tatu na kuendelea, kwa hiyo kinga yake hushindwa mara moja kati ya tatu. Ukizidisha, kila risasi ina nafasi moja kati ya tisa ya kuua, na risasi 20 zitaua wastani wa askari wawili na ushei, ikiwa kila jeraha linatosha kuua. Wachezaji wengi huishia kwenye wastani huo na kusema "nitaua wawili." Lakini endelea na hesabu: nafasi ya kutokuua hata mmoja ni takriban asilimia 9, nafasi ya kuua mmoja au kutokuua kabisa ni takriban asilimia 33, na nafasi ya kuua wanne au zaidi ni takriban asilimia 18. Kwa maneno mengine, mpango uliohitaji maiti wawili ulikuwa na nafasi moja kati ya tatu ya kuanguka, tangu kabla hujagusa dadu.

Hapo ndipo mbinu inapoanzia. Mchezaji aliyekomaa hujiuliza nini kitatokea dadu zikikataa, na hupanga zamu yake ili kukataa huko kusimuue. Hufyatua kwanza kwa kikosi ambacho matokeo yake yataamua vingine vifanye nini, huacha kikosi kimoja cha akiba kisichotajwa kwenye mpango wa awali, na hukimbilia alama zisizohitaji dadu, kama kusimama kwenye kituo ambacho adui hawezi kukifikia. Anajua pia kwamba shambulio la mbio, ambalo kikosi hukimbia inchi zinazolingana na jumla ya dadu mbili, likihitaji jumla ya tisa hufaulu katika michanganyiko 10 tu kati ya 36, na lile linalohitaji saba hufaulu katika 21. Tofauti ya inchi mbili tu, lakini ya pili ni zaidi ya maradufu ya ya kwanza. Ukizikariri namba hizi chache utashangaa jinsi dadu zinavyopunguza usaliti wake.

SWALI: Ndugu Mshauri, ni lazima jeshi langu liwe limepakwa rangi?
Mwenye brashi kavu

JIBU: Soma masharti ya mashindano unayokwenda. Mengi hulazimisha, na katika Warhammer 40,000, kwa toleo la kumi lililotoka mwaka 2023, jeshi lililopakwa rangi zake kuu na kupambwa vitako hupewa alama 10 kati ya 100 za mechi. Hakuna anayekudai kazi ya msanii. Rangi ya msingi, rangi mbili au tatu zilizokaa mahali pake, wino mwembamba wa kuingia kwenye mikunjo ili kuleta vivuli, na kitako kilichofunikwa mchanga vinatosha kabisa. Kaa na visanamu vitano kwa wakati mmoja, ukivipaka vyote rangi moja kabla ya kuhamia nyingine.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mama wa kijana wa miaka 14 aliyezama katika mchezo huu, na sasa anataka kwenda kwenye mashindano. Nina wasiwasi wa mambo mawili: kwamba anafundishwa kupenda vita, na kwamba dadu ni mlango wa kamari. Unasemaje?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, asante kwa kuuliza moja kwa moja, na wasiwasi wako ni wa haki. Nianze na la dadu. Kamari inahitaji kuweka fedha rehani kwa kutegemea bahati, na hapa hakuna dau mezani. Ada ya kujiandikisha hulipia ukumbi na zawadi. Dadu ziliingia katika michezo hii kwa kazi nyingine kabisa. Mwaka 1824 afisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na baba yake, alitoa mchezo wa kuwafunza maofisa kwa ramani, na dadu zilikuwamo ili kumzoesha kamanda kwamba amri nzuri inaweza kwenda kombo. Mchezo huo ulikuwa na mwamuzi pia, na huyo ndiye babu wa waamuzi tunaowaona leo katika kumbi za mashindano.

Kuhusu kupenda vita, mwandishi wa Uingereza H. G. Wells ndiye aliyeutoa mchezo wa askari wa sanamu kwa watu wa kawaida, alipochapisha kanuni zake mwaka 1913, na humohumo alieleza kwamba aliyecheza michezo hiyo mara chache tu anatambua jinsi vita vya kweli vilivyo jambo la upuuzi na la kutisha. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza. Sidai kwamba mchezo humfanya mtu awe mpenda amani, ila sijaona kwamba humfanya mpenda vita. Ninachokiona kwa vijana ni subira ya kukaa na brashi, wepesi wa hesabu za nafasi, na uwezo wa kupeana mkono na mtu mzima aliyewashinda. Hilo la mwisho haliji lenyewe, kwa hiyo mwulize mwanao baada ya kila mechi mpinzani wake alicheza vipi, kabla ya kumwuliza nani ameshinda.

Wasiliana na waandaaji mapema kujua kama kijana wa umri wake anahitaji kuambatana na mzazi. Wengi hutaka hivyo, na hata wasipotaka ningependa uende siku ya kwanza. Kwa upande wa afya, rangi za maji zinazotumika kwa kawaida hazina shida kubwa, lakini akikata au kusugua visanamu vya resini avae barakoa na asugue vikiwa vimelowa, kwani vumbi lake ni baya kwa mapafu. Visu vya kukatia plastiki akate kwa kuvielekeza mbali na mwili.

SWALI: Ndugu Mshauri, kikundi chetu kina wachezaji 16 na tunataka kuandaa mashindano yetu wenyewe. Tuanzie wapi?
Katibu wa kikundi

JIBU: Kwa wachezaji 16 raundi nne zinatosha kumpata mshindi mmoja, mbili kila siku, na mtawaachia watu muda wa kupumua. Mnahitaji meza nane zenye uwanja wa inchi 60 kwa 44, ambao ni takriban sentimita 152 kwa 112, pamoja na nafasi pembeni ya kuweka visanamu vilivyokufa, orodha na trei. Acheni njia kati ya meza, maana wachezaji husimama na kuzunguka saa nyingi na mgongo wa mmoja usigongane na wa mwingine.

Kazi kubwa ni vizuizi vya mezani. Meza iliyo wazi humpa ushindi mwenye silaha za mbali kabla ya zamu ya pili, na meza iliyojaa kupita kiasi humzuia mwenye magari. Ili haki itendeke, meza zote ziwe na mpangilio uleule wa maghofu, na kuwe na kuta ndefu za pembe mbili katikati zinazozuia kuona kabisa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maboksi imara yaliyokatwa vizuri na kupakwa rangi yanafanya kazi hiyo. Urembo unaweza kuja mwakani. Bandikeni mchoro wenye vipimo kwenye kila meza ili kizuizi kilichosukumwa kirudishwe mahali pake.

Tangazeni tarehe ya mwisho ya kuwasilisha orodha za majeshi, na semeni wazi kwamba kanuni zitakazotolewa baada ya tarehe hiyo hazitatumika. Muwe na mwamuzi mmoja asiyecheza kabisa. Mwamuzi anayecheza hujikuta akiamua ubishi wa mtu atakayekutana naye raundi inayofuata, na hata akiamua kwa haki hataaminika. Muwe pia na mchezaji wa akiba mwenye jeshi lake, ili mmoja asipofika asitokee wa kukaa bure. Dakika 30 kabla ya raundi kuisha, tangazeni kwa sauti, na agizeni kwamba zamu mpya isianzishwe isipokuwa wote wawili wanaweza kuimaliza.

SWALI: Ndugu Mshauri, mwaka jana nilishindwa mechi zote tatu za Jumamosi, nikakata tamaa na Jumapili sikurudi. Rafiki yangu ananilaumu. Nilikosea?
Niliyebaki nyumbani

JIBU: Rafiki yako ana hoja. Kama mlikuwa idadi shufwa, kutokufika kwako kulimwacha mtu mmoja bila mpinzani, na yamkini alikuwa mtu aliyeshindwa kama wewe, aliyeamka mapema akitumaini kupata angalau mechi moja nzuri. Zaidi ya hapo ulijinyima sehemu ambayo mfumo wa Uswisi humpa mtu wa hali yako kwa makusudi: baada ya raundi tatu umeshapangwa na wenye uwezo ulio karibu na wako, na mechi za Jumapili kwenye meza za chini mara nyingi ndizo zinazoamuliwa na alama mbili au tatu, watazamaji wakiwa wote wamekwenda kwenye meza za juu na nyinyi wawili mkiwa na nafasi ya kucheza kwa utulivu. Ukilazimika kuondoka kwa ugonjwa au safari, mwambie mwandaaji Jumamosi jioni kabla ya kuondoka ukumbini, ili apange raundi ya nne bila jina lako.